Pale pa Mzee

Wifi yangu Tukummeq ni mtu wa wasiwasi. Nalisema hili mbele yake na mbele ya watu, naye hunijibu, "Bora mimi wa wasiwasi kuliko wewe wa mdomo." Tumeshazoeana. Kaka yangu Ilannguaq alimwoa tungali wasichana sote wawili, na tangu hapo nyumba zetu zinatazamana, mlango kwa mlango. Hajawahi kuinjika nyama ya sili mimi nisijue kama imewiva.

Ni fundi wa viatu vya ngozi, na fundi kwelikweli. Soli anailainisha kwa meno, kwa hiyo meno yake ya mbele yamelika mpaka yamekuwa mafupi, na akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Lakini kucheka kwenyewe ni kwa nadra. Muda wote sikio lake liko nje. Upepo ukigeuka hata kidogo, anatoa uzi mdomoni, anainuka, anatazama dirishani kuelekea Mgongo.

Mgongo ni kile kisiwa kilicho mbele yetu, ng'ambo ya mlangobahari. Ni barafu tupu, kimejiinamia kama bakuli lililopinduliwa, na kingo zake zinashuka wima mpaka majini. Mawe yanachungulia sehemu chache tu, huko chini pembezoni. Juu hakuna jina hata moja, maana nani ana shughuli ya kwenda juu? Majina yako chini, mahali ambapo mtu anaweza kuweka mguu. Kuna Kibandani, kwa sababu kipo kibanda. Kuna Usikawie, kwa sababu barafu hudondoka hapo bila kupiga hodi. Kuna Panapoliwa, ambapo mkondo unaitafuna barafu ya bahari kwa chini hata katikati ya majira ya baridi. Majina yetu yanakuambia la kufanya. Sasa nenda shuleni ukaitazame ile ramani ukutani! Utaambiwa kisiwa kizima ni cha bwana mmoja aliyekuwa muuza sabuni, kwa sababu alilipia meli ya watu waliopita hapa wakiwa wagonjwa wa tumbo. Na rasi ya kule nyuma ati ni Rasi Augusta, mke wake. Augusta wa watu hajawahi kuja hata kutusalimia.

Kule nyuma, kwenye hiyo inayoitwa Augusta, upo mwamba ambao sisi tuliupa jina la mtu. Ni jina la baba yake Tukummeq. Alipokuwa kijana dhoruba ilimkamata huko, akakaa kwenye ufa wa mwamba mpaka watu wakaamini wamekwisha mpoteza. Walipofika walimkuta ameketi anawacheka: "Mmechelewa, chai imepoa." Tangu siku hiyo mwamba ukaitwa kwa jina lake. Alipozeeka alikuwa akijisifu kwamba yeye ameshakuwa jiwe kabla hajafa.

Jina lenyewe nitalitaja, lakini si sasa. Ngoja lifike mahali pake.

Mzee alifariki bahari ilipoanza kuganda. Kwetu mtu akifa, jina lake linanyamaza. Linakaa kimya likisubiri mtoto azaliwe, alichukue, na hapo mzee anakuwa amerudi nyumbani. Ukiliita kabla, unalitoa nje kwenye baridi na halina pa kuingia. Bahati nzuri hatukuwa na haja ya kusubiri sana. Birgithe, binti wa Tukummeq, alikuwa na mimba, na ilijulikana kijiji kizima kwamba huyo wa tumboni ndiye babu.

Lo, wifi yangu alivyolilinda jina lile! Kulikuwa na mtu mwingine kijijini aliyeitwa vivyo hivyo, yule anayetuuzia mafuta ya taa. Kuanzia siku ya maziko akawa Bwana Mafuta, hata mkewe alimwita Bwana Mafuta. Krismasi, katekista akajisahau, akaanza kuwaombea marehemu wa mwaka mmoja mmoja. Alipolikaribia jina la mzee, Tukummeq akashikwa na kikohozi. Alikohoa, akakohoa, akaangusha kitabu cha nyimbo, mpaka katekista akapoteza mstari na kurukia amina.

Tulipotoka nikamwambia, "Wifi, utaja kutapika mapafu."

"Wacha niyatapike. Umesahau ya mara ya kwanza?"

Sikuwa nimesahau. Mimba ya kwanza ya Birgithe ilikuwa iwekewe jina la marehemu mama yake mkubwa, dada yake Tukummeq. Mlevi mmoja akalipayuka jina hilo kwenye sherehe, anacheza huku analiimba. Mwezi haukuisha mimba ikatoka. Muuguzi alisema ni damu, wengine walisema ni kazi nzito. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona Tukummeq akicheka bila kwanza kutazama mlango.

Basi majira ya jua yakarudi. Helikopta ikaja ikamchukua Birgithe kumpeleka hospitali ya mjini akasubirie huko. Ilannguaq naye akafunga mbwa kwenye sleji aende kuwinda sili nyuma ya Mgongo, Birgithe akijifungua apate nyama ya kwao.

Mkewe akamuuliza, "Barafu ya huko umeiuliza kwa mtu?"

"Nitaiuliza yenyewe nikifika."

"Mzaha huo. Nisikilize mume wangu, usikae sana."

"Tukummeq, ukiendelea kuwa na hofu hivi utaimaliza, na mimi nitabaki na nini?" Akampiga begani, akapanda sleji, mbwa wakalia, akaenda zake.

Upepo ukageuka. Sikuhitaji kuambiwa, nilimwona wifi dirishani kwake amesimama na uzi mkononi. Nikavuka. Hakuna aliyenikaribisha, nikamimina kahawa mwenyewe, tukakaa. Theluji ilikuwa inapita nje kwa ubavu, jua liko juu lakini huoni hata nyumba yangu. Simu ya upepo ilikuwa rafuni juu ya jiko, inakoroma tu.

Halafu sauti ya kaka yangu ikaingia, imekatikakatika. "Tukummeq... barafu imekatika. Sleji imezama. Nimepanda nchi kavu, nipo pale pa mzee. Miguu imelowa. Waambie waje..." Ikazimika. Tuliita, tukaita. Wapi.

"Kibandani," akasema Tukummeq. "Yuko Kibandani. Asante Mungu, pana jiko pale."

Na mimi nikasema asante Mungu. Kila mtu angesema hivyo. Mzee alikuwa akimaliza kila majira ya kuchipua kwenye kile kibanda, anavuta kiko na kuwatukana ndege. Ukisema pale pa mzee, mtu gani atafikiri kwingine?

Tatizo likawa nani aende. Wanaume wetu karibu wote walikuwa kusini mawindoni, na helikopta haiwezi kuruka katika upepo ule. Wenye mbwa waliobaki ni Jeremias na mdogo wake. Jeremias alikuwa ameoa kwetu baada ya Krismasi, anatoka kijiji cha upande wa pili wa Mgongo. Kijana wa watu hakulalamika. Alikula nyama kwa kusimama, akavaa manyoya, akasema, "Nitamleta, mama zangu. Chemsheni maji." Wakaondoka na mbwa wao.

Kungoja ni kazi mbaya kuliko zote. Tukummeq alishona, akafumua, akashona tena palepale. Nikajaribu kumchekesha, nikasema Ilannguaq saa hii amelala kibandani anakoroma, na miguu ameiweka jikoni mpaka inanuka. Akanitazama tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa juu ya makaa. Ni ndugu yangu wa pekee yule. Tulilala ngozi moja tukiwa watoto.

Sauti ya Jeremias ilipokuja, tuliruka sote wawili, na kikombe kikavunjika.

"Tumefika Kibandani. Hakuna mtu."

"Tazama vizuri!" nikapiga kelele, kana kwamba kibanda kile kina vyumba.

"Mama, hakuna mtu. Jiko la baridi. Hakuna alama za mguu. Alisema yuko wapi hasa?"

Tukummeq akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Alisema pale pa mzee."

"Ndipo hapa nilipo."

Wifi akakiweka chini kile kipaza sauti, polepole. Rangi ilimtoka. Akawa anaongea na ukuta, si na mimi. "Angesema Kibandani. Siku zote husema Kibandani. Kwa nini azunguke?"

"Azunguke nini?"

"Regine, kaka yako hana maneno mengi. Angekuwa Kibandani angesema Kibandani. Angekuwa Usikawie angesema Usikawie. Amezunguka kwa sababu jina la mahali alipo halisemeki."

Ule mwamba wa nyuma. Ufa wa mwamba, bila jiko, bila chochote, na miguu imelowa.

Simu ikakoroma tena. "Mama zangu, betri yangu inakufa. Niambieni niende wapi. Upepo ukiendelea hivi sina njia ila moja tu, nikikosea siwezi kurudi kuanza upya."

Tukummeq akakamata kipaza sauti. "Jeremias mwanangu, yuko nyuma. Kwenye mwamba ule mzee alikokaa dhoruba zamani."

"Dhoruba ipi? Mimi sijui habari hizo."

"Ule mwamba mrefu, wenye ufa!"

"Huko nyuma miamba yote ina nyufa, mama. Nikishuka pasipo penyewe naangukia baharini. Unaitwaje?"

"Ni ule wenye jina lake. Jina la mzee."

"Mzee simjui! Nilikuta mmeshamzika. Anaitwa nani?"

Ndipo nilipoelewa tulivyonaswa. Nani angemtajia Jeremias jina la marehemu? Alikuja kwetu limeshanyamaza. Mwamba aliujua, alikuwa amelala kwenye miamba ile tangu mdogo, na kwao wanauita kama sisi. Sisi wawili hatujawahi kufika huko hata siku moja, tungeelekeza nini? Wala hakukuwa na mtu wa kumkimbilia, wanaoijua nchi ile walikuwa kusini. Tulijua kisa bila njia, naye alijua njia bila kisa. Kilichokuwa kati yetu ni neno moja.

"Liseme," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

"Liseme Tukummeq! Ni ndugu yangu yule, anaganda!"

"Na aliye tumboni kwa Birgithe si wako?" Alikuwa ananong'ona. "Siku zimemfika, Regine. Amebakiza kidogo tu. Nikimwita Baba sasa hivi, kwenye upepo, kila nyumba inasikia... atakwenda wapi? Ataingia kwa nani?"

Mimi, mwenye mdomo, nilitaka nikipokonye kipaza sauti nilitamke mwenyewe, nikaona siwezi. Baba hakuwa wangu. Na yule mtoto alikuwa wangu pia, nilishamshonea kofia.

"Mama?" Sauti ya Jeremias ilikuwa imekuwa nyembamba. "Mama, neno moja. Betri..."

Tukummeq akafumba macho. Akakileta kipaza sauti mdomoni hadi kikagusa meno yake yaliyolika.

"Imina," akasema. Halafu kwa nguvu, kama mtu anayeita mtu aliye mbali: "Imina! Imina!"

"Imina," akajibu Jeremias. "Napajua. Nakwenda." Ikakatika.

Kijijini kila nyumba yenye simu ilikuwa imesikia. Baadaye kidogo mlango ukafunguka, akaingia Bwana Mafuta, mwenye jina lile lile, theluji imemjaa kwenye ndevu. Alivua kofia, akasimama hapo hapo mlangoni, kisha akavaa kofia yake na kuondoka. Tukummeq hakumtazama. Alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye jiko, anarudia kwa sauti ndogo, "Hana pa kukaa. Nimemwita na hana pa kukaa."

Walimleta Ilannguaq upepo ulipolegea. Alikuwa amefungwa juu ya sleji kama mzigo, midomo ya bluu, na mbwa wake mmoja aliyebaki amelalia kifua chake. Nilimkumbatia nikamtukana, nikamkumbatia tena. Vidole viwili vya mguu wa kushoto tulijua vimekwenda. Alipofumbua macho alimwona mkewe amesimama pembeni, mikono imening'inia, hamgusi.

"Wewe vipi?" akamuuliza. "Sijafa."

"Nimeona."

"Sasa mbona unanitazama kama nimekuibia?"

Nikamwinamia sikioni nikamwambia kilichotokea. Kaka yangu akageuzia uso ukutani, na nikaona bega lake linatikisika. Alikuwa amejibana kule kwenye ufa, anatetemeka, na bado akaona bora azunguke kuliko kulitaja. Kumbe ni kule kuzunguka kwake kulikotufikisha huko. Sikumwambia hilo. Alilijua.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa haikaliki. Mume yupo hai, anapona, anaomba supu, na mke anatembea kama aliyefiwa. Kila helikopta ikipita anakaa chini. Akafungua kabati akatoa nguo alizomshonea mtoto, buti ndogo mbili na joho lenye kofia ya manyoya, akazikunja, akazirudisha. Kesho yake akafanya tena. Nikamwambia, "Wifi, utazichakaza kabla hazijavaliwa." Akasema, "Kama zitavaliwa." Nikajuta kufungua mdomo.

Simu ya waya kijijini ilikuwa moja, dukani. Msichana wa duka alipokuja mbio kutuita kwamba ni hospitali, Tukummeq akashika fremu ya mlango. "Nenda wewe, Regine."

"Siendi. Ni mwanao."

"Siwezi."

Ilannguaq akasema kutoka kitandani, "Twende sote." Hakuweza kukanyaga, kwa hiyo nilimpakia kwenye sleji ya kubebea maji nikamvuta mwenyewe, ananiamrisha njia nzima kama mimi ndiye mbwa wake, na Tukummeq nyuma yetu amejifunika uso kwa kofia. Nusu ya kijiji walikuwa tayari dukani, ati wanachagua biskuti.

Nikachukua simu mimi. Upande wa pili nilisikia kitu kimoja tu, kilio. Kilio cha mtoto mchanga, kikali, hakipumziki. Nikakaa juu ya gunia la viazi.

"Shangazi?" Birgithe alikuwa amechoka, sauti imepasuka. "Ni msichana. Mzima. Lakini hanyamazi. Tangu jana hanyamazi, titi analisukuma, wauguzi wamembeba mpaka wamechoka. Nimemwita jina, hataki. Mpe Mama. Mwambie Mama amwite."

Msichana au mvulana kwetu ni mamoja, jina halina suruali wala sketi. Nikamnyooshea Tukummeq simu. Akaitazama kama itamwuma.

"Hapokei jina," nikamwambia. "Wanakutaka wewe."

"Nilishamwita," akasema, na machozi yakaanza kushuka. "Nilimwita vibaya."

"Basi mwite vizuri!" Ilannguaq akafoka kutoka kwenye sleji yake mlangoni. "Mwambie ni mimi nilimsumbua. Mwambie nimefika."

Tukummeq akaiweka simu sikioni. Kilio kile sote tulikisikia, duka zima, hata waliokuwa kwenye biskuti. "Imina," akasema polepole. Kilio kiliendelea. "Imina, ni mimi." Kiliendelea. Bwana Mafuta aliinamisha kichwa.

Wifi yangu akageuka akatuonyesha mgongo. Akaweka mkono wake kuzunguka mdomo, vile anavyouziba akicheka, ili asemee ndani ya simu tu. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Baba," akasema. "Nilikutoa nje kwenye baridi kwa sababu mume wangu alikuwa anakufa, na sikuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Ulikwenda, ukamkuta, ukamleta. Ahsante, Baba. Sasa na wewe rudi. Huko nje hakuna mtu tena. Ingia."

Waya ukavuma. Tulisubiri kilio. Kikaja kimoja kifupi, kama mtu anayelalamika amecheleweshwa, na baada yake hakikuja kingine.

"Mama?" tulimsikia Birgithe. "Mama, ananyonya. Umemwambia nini?"

Tukummeq aliteleza akakaa pembeni yangu juu ya viazi, simu bado iko sikioni, akawa anacheka na kulia pamoja, mdomo wazi na meno yake mafupi yote nje, bila kutazama mlango.